Chapa za Ubao wa Mkuyu

Siku ya Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, Evariste alimega bugali kwa mkono wa kushoto.

Shalom, binti yake wa miaka minane, ndiye aliyeona kwanza. Alicheka mpaka ndagala zikataka kumtoka mdomoni.

"Papa, leo uko unakula na mukono ya kushoto!"

Evariste aliutazama ule mkono kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Kisha akatabasamu. "Kumbe," alisema, akaendelea kula na mkono uleule, akitoboa tonge kwa dole gumba na kuchota sombe ya majani ya muhogo bila kumwaga hata tone.

Célestine, mke wake, hakucheka. Alikuwa amekaa mbele yake, na alipoinama kumsogezea bakuli aliliona kovu. Evariste alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, tangu utoto, alipoanguka kwenye mawe ya mto Mulongwe. Célestine alilijua kovu hilo kuliko alivyojua kona za nyumba yake. Lilikuwa limehamia juu ya nyusi ya kulia.

"Uko unaniangalia nini, mama Shalom?"

"Hapana. Kula."

Alijiambia kwamba ni mwanga. Nyumba yao, mtaa wa Rugenge mjini Uvira, ilitazama ziwa, na mchana ule maji yalikuwa yanarudisha jua ndani mpaka macho yanauma. Akaosha vyombo. Lakini alipomaliza kuosha aligundua kwamba ameosha sahani moja mara tatu.

Hawa wawili waliishi kwa mbao. Majirani wengi walidhani Evariste anatengeneza milango, kwa sababu ya vumbi na ya kelele za nyundo, lakini yeye alikuwa msanii wa chapa. Alichora picha juu ya ubao laini, halafu akachimba kwa patasi ndogo kila mahali palipotakiwa kubaki peupe. Palipobaki juu ndipo pangeshika wino. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Célestine. Alipaka ubao wino kwa rulo, akalaza karatasi juu yake, akasugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko kikubwa cha mbao, polepole, kutoka kona hadi kona, halafu akaibandua. Evariste hakuwa na mkono huo. Karatasi alizochapa mwenyewe zilitoka na madoa. "Minye ninachonga, weye unazalisha," alikuwa akimwambia, na Célestine alikuwa akimpiga na kitambaa cha wino.

Kazi hiyo ina jambo moja ambalo hata mtoto Shalom alilijua: chapa hutoka kinyume. Kushoto kwa ubao ni kulia kwa karatasi. Kwa hiyo Evariste aligeuza mchoro kwanza, siku zote, kabla ya kugusa mti.

Mara hiyo tu alisahau. Alikuwa anachonga sura yake mwenyewe kwa ajili ya maonyesho ya Bukavu, na haraka ilimshika. Ubao aliupata kwa Térence, seremala wa mtaa wa Mulongwe. Ulitoka kwenye mkuyu mkubwa wa ufukweni ambao ziwa liliuzunguka mwaka lilipopanda, ukafa ukiwa umesimama ndani ya maji, ukaja kuanguka baadaye. Térence aliupasua mbao pana, zisizo na fundo, laini kama sabuni. Zilikauka kwake muda mrefu, na bado zilinuka tope. Evariste aliweka foto yake juu ya ubao, akapitisha kalamu, akachonga siku tisa. Célestine alipobandua karatasi ya kwanza, kovu likawa upande mwingine.

Walicheka sana siku hiyo. "Iache vile," Evariste alisema. "Bukavu hakuna mwenye anajua kovu yangu iko upande gani."

Wakaitundika chapa hiyo kwenye kamba ikauke, juu ya mkeka ambapo Evariste alizoea kujilaza saa za joto. Célestine akamshika Shalom mkono, wakaenda sokoni. Waliporudi, Evariste alikuwa amesimama karibu na dirisha, uso wake ukielekea ukuta. Kwenye kamba palikuwa na karatasi nyeupe, safi, imebanwa na vibanio vilevile viwili.

"Chapa iko wapi?" Célestine aliuliza.

"Haikutoka muzuri. Niliitupa."

Célestine hakufikiria zaidi. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne ndipo alipoona mkono.

Alhamisi joto lilikuwa kali na Evariste alilala baada ya kula. Célestine alikaa kando yake na pepeo, akamtazama anavyopumua. Alitaka kujiondolea ujinga aliokuwa nao kichwani. Basi akafanya kama alivyofanya miaka yote kumi na moja ya ndoa yao, akalaza sikio juu ya kifua chake, upande wa kushoto, palipokuwa pake.

Palikuwa kimya.

Alibaki pale, akisubiri, akijiambia kwamba kelele za pikipiki barabarani ndizo zinamzuia kusikia, kisha akasogeza kichwa taratibu, kidogo kidogo, kuvuka mfupa wa kati mpaka upande wa kulia, na hapo akaupata, moyo wenye nguvu, unaopiga polepole mno, pigo moja na kisha nafasi ndefu ya kutosha mtu kuvuta pumzi mbili, na harufu iliyotoka kwenye ngozi haikuwa ya jasho la mume wake wala ya sabuni yake, ilikuwa harufu ya tope la ufukweni na ya utomvu wa mti uliokatwa jana.

Alipoinua kichwa, macho yalikuwa wazi yanamtazama.

"Unatafuta nini, mama Shalom?" Sauti ilikuwa ya upole.

"Niliona kama uko na homa."

"Hapana. Minye niko muzuri. Sijawahi kuwa muzuri hivi."

Siku iliyofuata alikwenda kwa Norbert, mdogo wake Evariste, ambaye alitengeneza simu kwenye kibanda chake karibu na barabara kubwa. Alimweleza kwa sauti ya chini, akiwa amegeuza mgongo ili wateja wasione midomo yake. Akamwonyesha karte ya uchaguzi ya Evariste, yenye picha yake, kovu likiwa upande wa kushoto.

Norbert alicheka. "Shemeji, mashine zinageuzaka sura. Telefone pia, ukijipiga foto mwenyewe. Angalia." Akajipiga foto, akamwonyesha. "Unaona? Hii si uongo, ni mashine."

"Norbert, minye nilikuwa nikilala na muntu, si na foto."

"Na moyo?" Alipunguza sauti. "Moyo unasikikaka pande zote. Uko umechoka. Hiyo ekspo ya Bukavu inawachosha nyote wawili."

Kwa watu wa kanisa hali ilikuwa hiyohiyo. Kundi la maombi lilikuja nyumbani, akina mama sita, wakaimba, wakaweka mikono juu ya kichwa cha Evariste. Alipiga magoti kabla hawajamwambia. Alisema amina kwa sauti kuliko wote. Wakati wa kuondoka mmoja wao alimvuta Célestine pembeni akamwambia amshukuru Mungu, maana wanaume wa kuomba namna hiyo hawapo tena Uvira.

Na kweli mtu huyo alikuwa mume mzuri. Alichota maji. Alimsuka Shalom nywele. Hakupandisha sauti hata mara moja. Kitu kimoja tu hakuweza. Alipojaribu kuchapa, karatasi ilitoka nyeupe. Wino ulikuwepo juu ya ubao, alisugua kwa kijiko kwa nguvu za mkono wake wa kushoto, na karatasi ilitoka kama ilivyoingia.

"Nisaidie," alimwambia Célestine. "Bukavu wanangojea karatasi. Mukono wako ndio unaujua huu ubao."

Célestine akachapa moja, akiwa na hofu ya kukataa. Alipoibandua, aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Evariste alikuwa amechonga sura yake ikiwa imefunga mdomo, na tabasamu kidogo pembeni. Karatasi iliyokuwa mikononi mwa Célestine ilikuwa na mdomo wazi. Mdomo wote ulikuwa wazi mpaka meno ya nyuma.

"Ulichonga tena?" aliuliza.

"Minye? Sijagusa patasi."

Akasubiri mtu huyo atoke nje. Kisha akapitisha vidole juu ya ubao, na chini ya wino akakuta mistari ambayo haikuwepo, myembamba, mipya, yenye kingo kali. Chini ya meza hapakuwa na kibanzi hata kimoja cha mti. Aliinamisha sikio. Nje, uani, alimsikia yule mtu akicheka na Shalom. Humu ndani, katikati ya ubao, alisikia patasi. Krrr. Kimya. Krrr. Ilikuwa namna ya Evariste ya kuchonga, sukumo fupi halafu kupumzika, sauti aliyolala akiisikia kutoka chumba cha pili kwa miaka kumi na moja, na ilikuwa inatoka ndani kuja nje.

"Baba Shalom," alinong'ona.

Patasi ikasimama.

"Baba Shalom, ni weye?"

Krrr, krrr, krrr, krrr, haraka haraka, bila kupumzika tena, kama mtu aliyefungiwa anayesikia hatua za watu barabarani na hajui kama watapita au watasimama, na Célestine akapaka wino bila kufuta machozi, akalaza karatasi, akasugua, akabandua, akaona uso wa mume wake umesogea mbele na viganja viwili vimebandikwa pande zote za mashavu kama mtu anayesukuma kioo.

Akachapa nyingine. Na nyingine. Ilikuwa njia pekee ya kumwona. Kila karatasi ilileta uso mwingine. Mmoja ulikuwa unamtazama, mwingine ulikuwa unalia, mwingine ulikuwa na midomo inayotamka kitu asichoweza kusoma. Ilipofika ya saba ndipo alipozilaza kwa mstari sakafuni akaona jambo alilopaswa kuliona mapema, yeye mchapaji. Mistari ilikuwa inazidi kuwa myembamba. Ya saba ilikuwa kijivu mahali ya kwanza ilipokuwa nyeusi. Ubao wa mkuyu ni laini, na kila karatasi unayobandua inaondoka na mti kidogo. Alikuwa anamwita mume wake, na kwa kila wito alikuwa anamsugua kwa kijiko.

Alirusha kijiko kikagonga ukuta.

"Endelea," sauti ilisema mlangoni. Yule mtu alikuwa amesimama pale, Shalom akiwa mabegani mwake. "Ulikuwa unaenda muzuri."

Mwalimu Nasoro alikuwa muuza magodoro. Baba zake walikuja Uvira zamani na biashara ya ziwa wakabaki, na katika familia yao kila kizazi kilikuwa na mmoja anayejua kusoma Kurani juu ya watu wenye mashetani. Wakristo pia walikwenda kwake, wakipitia mlango wa nyuma. Célestine alipitia wa mbele. Alimweleza yote, na mwalimu hakumcheka. Aliuliza swali moja tu.

"Ile chapa ya kwanza, iliyopotea kwenye kamba. Uliiona tena?"

"Hapana."

"Hukuiona kwa sababu inakula mezani kwako, mama Shalom."

Akamweleza kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Jini hakai bure kwenye mti; mti ni nyumba. Nyumba ya huyu ilipasuliwa mbao, akabaki ndani ya kipande. Kisha mtu akachonga uso juu ya kipande hicho, uso uliokamilika, na kuupaka wino, na kuutoa kwenye karatasi. Jini akapata sura ya kuvaa. Akatoka nayo jinsi ilivyotoka, kinyume. Na mwenye sura akaingia palipobaki wazi.

Mwalimu alikuja kesho yake, baada ya sala ya alasiri. Norbert alikuwepo, Célestine alikuwa amemsihi awe shahidi, naye alikubali ili mambo yaishe. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima, kama linavyofanya mapema Uvira, lakini ziwa lilikuwa bado linang'aa. Shalom alipelekwa kwa jirani. Mwalimu alichoma ubani, akakaa mbele ya yule mtu, akaanza kusoma.

Yule mtu hakupiga kelele. Hakuanguka. Alikaa amekunja mikono kama mgonjwa anayesikiliza daktari, mpaka mwalimu aliponyamaza kuvuta pumzi, ndipo akasema, "Karibu, Mwalimu. Uliza."

Norbert alisogea mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Ilikuwa sauti ya kaka yake, lakini mdomo ulikuwa umefungwa.

"Toka katika sura ya mtu huyu," mwalimu alisema.

"Niende wapi?"

"Ulikotoka."

"Nilikotoka mulipakata kwa msumeno. Nirudishieni nyumba yangu nzima, nitaingia leo. Sitaki hata kukaa hapa. Bugali yenu haina ladha." Akamgeukia Célestine, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na uchovu. "Mume wako alichimba siku tisa. Vibanzi alivyotoa viko wapi? Nipe vyote, kila kimoja, vikae mahali pake. Uso ukizibwa, mlango utafungika, kila mtu atarudi kwake."

Célestine aliweka mkono mdomoni.

"Viko wapi?" mwalimu alimuuliza kwa kunong'ona.

"Niliwashia mbabula," alisema. "Makala ya kupikia yalikuwa na maji. Siku zote tisa niliwasha moto na vile vibanzi. Nilipikia maharage. Tulikula."

Moshi wa ubani ulipanda wima katikati yao. Mwalimu alijaribu tena, alisoma kwa sauti kubwa zaidi, jasho likamtoka, alisoma mpaka sauti ikakwaruza, na yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, na aliponyamaza kabisa alisimama akamletea kikombe cha maji.

Uani, mwalimu alimwambia Célestine ukweli. "Ninaweza kumtoa. Nguvu hiyo ninayo. Lakini hana nyumba. Nikimtoa leo ataingia kwa aliye dhaifu katika nyumba hii, na aliye dhaifu ni mtoto. Mama Shalom, sina la kukufanyia. Mungu anajua ningetaka."

Alikataa kuchukua hata nauli. Norbert alikuwa ameshaondoka, viatu vyake vikabaki mlangoni, na tangu siku hiyo hakupokea simu.

Siku tatu Célestine hakugusa ubao. Aliufunika kwa kitenge na kukaa kando yake akizungumza kwa sauti ndogo, akimweleza Evariste habari za mtaa, nani amejifungua, maji ya bomba yamerudi siku gani. Patasi ilijibu, siku ya kwanza kwa nguvu, siku ya tatu mara moja moja. Siku ya nne yule mtu alirudi kutoka Mulongwe na ubao mdogo kwapani. Upana wake ulikuwa wa uso wa mtoto.

Aliuweka mezani. Harufu ya tope ikajaa nyumba nzima.

"Huu pia ni wa mkuyu ule?" Célestine aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wa mkuyu ule. Térence iko na mingi." Akakaa chini, akashika kichwa. "Mama Shalom, minye si mubaya. Sikiliza. Nina mtoto. Tangu mti uanguke anazunguka ufukweni, kwenye upepo, hana ukuta. Mtoto wangu anasikia baridi."

Célestine aliusukuma ule ubao mdogo mbali naye.

"Ubao usiochongwa hauna mlango wa kuingilia, basi kuna njia mbili tu. Ule ubao mkubwa una chumba kimoja, na mume wako yumo. Ukichapa mpaka mistari iishe, chumba kitakuwa wazi, nitamlaza mtoto wangu, sitaomba kingine. Kama hutaki, nitachonga huu mdogo; ubao niliotokea ndio siwezi kuchapa, huu naweza. Sura ya Shalom sihitaji foto yake, ninaijua. Mtoto wangu atatoka, atakula na sisi. Na wako ataingia."

"Nitamchukua Shalom. Nitaenda mbali."

"Enda. Ubao utakuwa hapa na minye nitakuwa hapa. Hata ukiwa Kamanyola, hata ukivuka mpaka, asubuhi moja utaamka na mtoto ambaye si wako."

"Nichonge minye."

"Mtoto hawezi kuvaa sura ya muntu mukubwa. Unaingia weye, chumba kinajaa, mtoto wangu anabaki inje." Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomwogopesha Célestine kuliko vyote, kwa sababu mtu mkali unaweza kumchukia na kupigana naye, lakini huyu alikuwa baba mwenye mtoto barazani asiyefunguliwa mlango, na alikuwa ameshapiga hesabu zote alizokuwa anapiga Célestine, na jibu lake lilikuwa lilelile.

Célestine aliomba siku moja. Akapewa.

Asubuhi alimpeleka Shalom shule, akarudi, akafunga mlango wa chumba cha kazi. Yule mtu alikaa nje kwenye ngazi akitazama ziwa. Célestine aliondoa kitenge. Alieleza yote, bila kuficha. Alipofika mahali pa kusema jina la Shalom aliacha, akaanza upya.

"Minye siwezi kuamua," alisema. "Baba Shalom, weye ndiye uko ndani. Nifanye nini?"

Hakuna patasi. Alisubiri mpaka jua likahama kutoka kwenye kizingiti mpaka kwenye mguu wa meza. Halafu ikaanza, krrr, krrr, sukumo fupi na kupumzika, bila haraka, kazi ya mtu anayejua anachochora. Ilichukua saa nzima. Ilipokoma, alipaka wino, akalaza karatasi, akasugua, akabandua.

Uso haukuwepo. Ilikuwa kisogo. Kisogo cha Evariste, masikio yake yaliyosimama, mabega yake, shati lake la kazi. Alikuwa amegeuka, amempa mgongo, ili asimtazame mke wake akimfuta.

Célestine alikaa sakafuni akalia mpaka akaishiwa na sauti. Kisha akainuka, akaokota kijiko.

Alichapa karatasi ishirini na mbili. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyeweza. Alisugua kona hadi kona kama alivyofundisha mikono yake miaka yote, kwa sababu kusugua vibaya kungekuwa ni kumchelewesha, na karatasi baada ya karatasi ule mgongo ulipungua, mwanzoni rangi tu, halafu na ukubwa, mabega yakawa madogo, miguu ikaonekana, mguu mmoja mbele ya mwingine, mtu anayetembea kwenye njia asiyoiona mwingine, mbali, mbali zaidi, mpaka akawa kama kalamu, kisha kama punje, na karatasi ya ishirini na mbili ilitoka na nyuzi za mti peke yake, zikipita kutoka upande mpaka upande kama maji yasiyo na mtumbwi.

Mlango ulifunguka. Yule mtu aliingia akinyata. Aliuchukua ubao kwa mikono miwili, akaufuta wino kwa ncha ya shati lake, akaufunika kwa kitenge, akaukumbatia. Alisema neno ambalo Célestine hakulijua, la kubembeleza. Na ndani ya ubao, chini ya kitenge, kitu kidogo kilipiga chafya, kisha kikacheka.

"Asante, mama," alisema yule mtu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Célestine alimtoa Shalom shuleni kabla ya kengele. Alichukua nguo za mtoto, sufuria moja, na zile karatasi za mgongo alizozikunja ndani ya plastiki, wakapanda gari la Kamanyola kwa dada yake Libérate. Rugenge watu walisema amemwacha mwanaume mwema, mwenye kuomba, mwenye kuchota maji. Huko Uvira mwanaume huyo anaishi bado. Anasalimia kila mtu, na mchana wa joto, wapita njia wanasema, watu wawili husikika wakicheka ndani ya nyumba ile yenye mtu mmoja.

Libérate hakuuliza mengi. Alimpa dada yake kitanda na kazi ya kulima mpunga. Wiki ya tatu, alasiri moja, Célestine alirudi kutoka shambani akamkuta Shalom ameifungua ile plastiki. Alikuwa amezipanga karatasi sakafuni, chumba kizima, mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kitandani. Hakujua mpangilio wake. Alianza na ile yenye nyuzi tupu za mti, ikafuata ile ya punje, ile ya kalamu, na hivyo hivyo mpaka mabega mapana meusi chini ya kitanda.

Célestine alisimama mlangoni na jembe mkononi. Mtoto hakumwona. Alikuwa anatembea juu ya mstari huo kwa magoti, akigusa karatasi moja moja kwa kidole.

"Mama Libérate!" aliita. "Kuja uone! Papa iko anakuja. Iko anakuja kinyumenyume."

Kisha akamwona mama yake. Alitazama uso wake, akaogopa, akaanza kukusanya karatasi haraka.

"Usikusanye," Célestine alimwambia. Aliweka jembe chini, akavua viatu, akakaa kando ya kitanda. "Nionyeshe. Anza tena pale mlangoni."